Linki Zilizomtoa Kerubo Shambani

Injinia Cherotich ameniomba niandike kumbukumbu za kazi yangu, ziwekwe mwanzo kabisa wa grupu yetu ya mafundi, ili anayeingia leo ajue tulikotoka kabla hajaanza kuuliza maswali. Nimekubali kwa sababu siku hizi asubuhi yangu haina kazi. Habari za vyeo sitaandika. Nilivyopewa ni vichache na havikubadilisha spana niliyokuwa nimeshika. Nitaandika kazi yenyewe. Mkiona mahali nimekasirika, msidhani nimekosea kuandika.

Naitwa Samwel Nyakundi. Wazazi wangu walitoka Kisii wakaja huku Kericho kuvuna majani chai, na mimi nikazaliwa kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi. Mke wangu Kerubo naye ni mtoto wa kambi. Mama yake alivuna majani mpaka mgongo ukakataa, kisha Kerubo akachukua kikapu. Mimi niliingia karakana ya kiwanda cha kampuni hiyohiyo. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa tukaanza kuitana Baba Moraa na Mama Moraa, na mpaka leo akiniita Samwel najua kuna neno.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Okoth, fundi mkuu, mtu wa kutoka upande wa ziwa. Siku yangu ya kwanza alinisimamisha mbele ya mashine ya kukata majani, ile yenye roli za meno, akaniambia nifunge macho.

“Unasikia nini?”

“Kelele, mzee.”

“Basi wewe bado hujaajiriwa. Chukua fagio.”

Nilifagia kiwanda kwa muda mrefu kuliko nilivyowaambia watu nyumbani. Nikifagia nilikuwa nasikiliza, maana hakukuwa na lingine la kufanya, na pole pole ile kelele ikaanza kugawanyika. Beringi iliyokauka inalia kama kuku. Mkanda uliolegea unapiga makofi. Roli iliyoisha meno hailii, inanung’unika, na majani yanatoka yamesagwa badala ya kukatwa. Siku nilipomwambia Okoth kwamba roli ya pili inanung’unika, hakunisifu. Alininyang’anya fagio akampa mwingine.

Okoth alikuwa na sanduku la bati. Ndani yake kulikuwa na vitabu na michoro yote ya mashine zetu, tangu zile za zamani ambazo walizitengeneza watu waliokwisha kufa. Hakuna aliyeligusa ila yeye, na ufunguo aliutembeza mfukoni. Hakuwa mtu mchoyo. Alikuwa ameona vitabu vinavyopotea mtu akiazima, basi akaona dawa ni kufuli.

Kisha akafiwa na dada yake, akaenda mazishini. Ilikuwa msimu wa majani mengi, ardhi imeshiba mvua, malori yanaleta mzigo juu ya mzigo. Feni ya kikaushio ikasimama. Tulijua ni waya kwenye paneli, lakini waya gani? Mchoro ulikuwa ndani ya sanduku, ufunguo ulikuwa mazishini, na simu ya Okoth haikuwa na mtandao. Tulibahatisha kutwa nzima. Majani yaliyokuwa yamekwisha kukatwa yakachacha, yakanuka kama pombe mbaya, tukayapakia kwa koleo na kwenda kuyamwaga. Wavunaji walisimama kando ya barabara wakitazama jasho lao likipita. Kerubo alikuwa mmoja wao.

Okoth aliporudi nilidhani atatugombeza. Alikaa juu ya lile sanduku, halafu akanipa ufunguo.

“Una simu yenye kamera?”

“Ninayo.”

“Piga picha kila ukurasa. Mimi nitafiwa tena, na siku moja watu watafiwa nami.”

Hapo ndipo grupu yenu ilipoanzia. Haikuanza kwa injinia wala kwa kampuni. Ilianza kwa majani yaliyochacha.

Wakati huo Cherotich alikuwa amekuja kwetu akiwa injinia mchanga, binti wa wakulima wadogo wa chai upande wa Mogogosiek. Watu walitegemea angekaa ofisini. Alikuja karakana, akavaa ovaroli, akauliza zile picha nimeziweka wapi. Nikamwonyesha simu yangu: michoro imechanganyika na picha za harusi na za ng’ombe wa shemeji. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaniambia tufungue grupu mtandaoni, tuwaite mafundi wa viwanda vingine, kila mtu alete alicho nacho.

Waliitika, tena kwa fujo. Walikuja wa Kericho, wa Bomet, wa Nandi, baadaye wa Uganda na Malawi. Kila mmoja alimwaga alichokuwa nacho: vitabu, video, linki za kwenda sijui wapi. Ukiomba mchoro wa boila unapewa linki inayofunguka duka la viatu. Ukiuliza habari za beringi unajibiwa kwa aya ya Biblia. Asubuhi kulikuwa na maua, kikombe cha chai kinachofuka moshi na maneno “mbarikiwe”. Mimi nilikuwa ndani ya chai kutwa nzima, sikuhitaji kutumiwa nyingine kwa picha.

Nikasema nitapanga. Sikuchaguliwa na mtu. Cherotich aliniachia kwa sababu aliona inaniuma.

Mwanzoni nilipanga kama vitabu vinavyopanga: injini, giaboksi, umeme, mvuke. Haikufaa. Fundi aliye na mashine imezima na nyapara amesimama nyuma yake hajui tatizo liko kwenye folda gani. Angejua asingeuliza. Anachojua ni vile mashine inavyolalamika. Basi nikavunja zile folda zote nikazipanga kwa malalamiko. Moja ikaitwa “Inanguruma lakini haivuti”. Nyingine “Inanuka kuungua”. Nyingine “Inatetemeka ikipata mzigo”. Boila ilipata ya kwake, “Inatoa moshi mweusi”. Injinia mmoja wa kampuni nyingine aliandika kwamba huo si mpangilio wa kitaalamu. Baada ya muda nikaona naye anaitafuta “Inanguruma lakini haivuti”, anachukua anachotaka na kutoka bila kusema kitu.

Nikaweka na masharti. Usilete linki ambayo hujaifungua mwenyewe. Andika ni mashine gani, inaumwa nini, wewe ulifanya nini ikapona. Na ukikuta kitu kizuri weka kopi kwako, kwa sababu linki hufa. Leo iko, kesho mwenye tovuti amehama na mlango wake. Kila Jumamosi mchana nilikuwa nakaa nafungua linki moja moja, zilizokufa nazitoa, zilizo hai naziacha. Fundi mmoja wa Bomet alinipigia simu amekasirika.

“Mzee Nyakundi, mbona umefuta salamu zangu?”

“Salamu zako nimezipokea. Nimetafuta plagi ndani yake, hazina.”

Hakunisemesha mpaka kabureta yake ilipoziba.

Nataka mjue kwamba kazi hiyo ilikuwa na maana. Fundi wa Malawi anaitwa Phiri alituletea mchoro wa kamba ya kusimamisha mkanda wa kupeleka majani. Unaifunga kando ya mkanda wote, mtu akinaswa, yeyote aliye karibu anaivuta na kila kitu kinasimama. Kwetu ilikuwepo swichi moja tu, ukutani, mbali. Tulifunga ile kamba. Haikupita muda, mama mmoja anayefagia chini ya mkanda leso yake ikavutwa na roli, shingo inaelekea huko. Mwenzake akavuta kamba. Yule mama alikaa chini akalia, kisha akafunga leso yake vizuri akaendelea kufagia. Mimi nilikwenda nyuma ya boila nikasimama huko kidogo peke yangu. Okoth alikuwa amestaafu na kufariki tayari. Nilitamani angeuona ule mchoro.

Sasa nifike kwenye mashine za shamba.

Zilikuja kwa lori, zimefungwa kwa maboksi. Ni mashine za kuvuna majani: zinabebwa na wanaume wawili, huyu mstari huu na yule mstari ule, katikati visu virefu vinavyokata juu ya kichaka, na nyuma mfuko mkubwa unaopokea majani. Injini ndogo ya petroli, inapiga kelele kama pikipiki iliyokosa adabu. Kampuni ilisema ni za kujaribu tu. Vitabu vyake viliandikwa kwa lugha ya kule zilikotoka, na kiwanda kizima hakuna aliyeweza kusoma hata herufi moja.

Mashine zile zilikataa. Zilizima katikati ya mstari. Visu vilitafuna majani kama mbuzi badala ya kuyakata. Wanaume walishusha mashine wakabaki na mikono inatetemeka, hawawezi kushika kikombe. Wavunaji walizicheka. Kerubo alikuwa akirudi jioni ananiletea habari kabla hajashusha kikapu.

“Baba Moraa, ile ng’ombe yenu imekufa tena. Imelala katikati ya shamba, wamesimama wanaitazama kama wanataka kuichinja.”

Nami nilicheka. Zilirundikwa nyuma ya karakana, mvua inazinyeshea. Meneja akamwambia Cherotich kwamba mvua zikiisha kabla mashine hazijafanya kazi, zitarudishwa zilikotoka. Cherotich akaniambia mimi. Nilisikia kama mtu amesema karakana yangu haijui kazi. Fundi akiona mashine imelala, ndivyo alivyo, haoni kingine. Sisemi hivyo kwa kujitetea. Nasema ilivyokuwa.

Nikaandika kwenye grupu: nani anazo hizi, zinaumwa nini kwake? Zikaja habari kutoka kila mahali ambako majani chai yanaota. Kumbe kila kampuni ina rundo lake nyuma ya karakana, kila mmoja anaona haya kusema. Nikafungua folda mpya ya mashine za shamba, na ndani yake nyingine ndogo. “Inakufa katikati ya mstari.” “Visu vinatafuna.” “Inatetemesha mikono.” Phiri akaleta video: utomvu wa majani unagandia kwenye visu, ukikauka ni kama gundi, basi visu vioshwe kwa maji ya sabuni kila mapumziko, injini ikienda pole pole. Fundi wa Uganda akaonyesha nafasi inayotakiwa kati ya kisu cha juu na cha chini, na jinsi ya kuipima kwa kipande cha karatasi. Kijana mmoja wa Bomet, Rono, akatafuta mtu anayesoma ile lugha, akatuletea kitabu kizima kwa Kiswahili. Tatizo la mikono tulilimaliza sisi wenyewe hapa Kericho, kwa raba iliyokatwa kwenye tairi kuukuu na kuwekwa chini ya injini. Nilipiga picha hatua kwa hatua, nikaandika maelezo, nikaweka mahali pake.

Nasema wazi kwamba sijawahi kupanga kitu vizuri kama nilivyopanga folda hiyo. Mtu ambaye hajawahi kuiona mashine angeifungua asubuhi na mchana angekuwa anavuna.

Siku moja mashine zote zilitoka karakana zikaenda shambani, na zote zikarudi zinapumua. Meneja alikuja kunishika mkono. Cherotich alinunua soda na mandazi tukala tumesimama. Hata nje ya kwetu mambo yalibadilika. Waliokuwa wamekata tamaa na mashine zao waliingia kwenye grupu, wakachukua folda, wakaondoka, na baada ya muda wanarudi kuandika asante.

Kerubo aliacha kuniletea vichekesho. Sikugundua siku aliyoacha.

Siku moja alirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Mimi nilikuwa mapumziko, nakunywa chai nje. Kikapu chake kilikuwa mgongoni, kitupu.

“Umerudi mapema,” nikamwambia.

“Tumerudi wote.”

“Mvua ya mawe imepiga huko?”

“Hakuna mvua. Nyapara Koech ametuita kwenye mzani, akasoma majina. Gengi yetu yote imeambiwa kazi imeisha, twende ofisini tukasikie mengine.”

Nikaweka kikombe chini. Yeye hakukaa.

“Tukamuuliza Koech, si mlisema ni za kujaribu tu? Akasema zilikuwa za kujaribu wakati zilikuwa zinaharibika. Sasa haziharibiki. Anasema kuna mafundi wamezitengeneza kwa simu.”

“Sisi tulizitengeneza kwa spana, Mama Moraa.”

“Na hizo spana, Samwel, zilijuaje mahali pa kushika?”

Alivua kikapu akakitundika kwenye msumari wake, kama siku yoyote nyingine, akaingia ndani kuwasha moto.

Jumapili baada ya kanisa wanawake walikuja nyumbani. Mbele yao alikuwa Chelangat, mjane, Mkipsigis, aliyevuna na Kerubo mstari mmoja tangu wakiwa wasichana. Aliyebaki bila kazi alikuwa anabaki bila nyumba pia, kwa maana nyumba ni ya kampuni. Kerubo alikuwa na mimi. Chelangat hakuwa na mtu. Kerubo aliwapa chai, akakaa upande wao wa chumba, si upande wangu.

“Baba Moraa,” Chelangat akasema, “hatujakuja kwa ugomvi. Wewe tunakujua, mama yako alitufundisha kufunga leso ya kazi. Tumesikia wewe ndiye unaweka ile elimu ya mashine kwa mtandao. Tunaomba uitoe.”

Nikawaeleza. Nikasema elimu ile si yangu, ni ya mafundi wote. Nikasema humohumo kuna mchoro wa kamba uliomwokoa yule mama wa leso, na wao wanamjua. Nikasema nyumba haiwezi kubomolewa kwa sababu ya panya mmoja.

Chelangat alingoja nikamaliza.

“Hiyo ya kamba acha. Hatujakataa kamba. Toa ya mashine za shamba peke yake. Ama zimechanganyika?”

Hazikuwa zimechanganyika. Kila kitu kilikuwa mahali pake, kwa jina lake, unaweza kuondoa kimoja bila kugusa kingine. Nilikuwa nimepanga vizuri kiasi kwamba hata kisingizio sikubakiwa nacho.

“Nitaangalia,” nikasema.

“Kongoi,” akasema Chelangat, ndiyo asante yao, na wakaondoka bila kumaliza chai.

Kesho yake nilimwendea Cherotich ofisini. Nilifunga mlango, jambo ambalo sikuwa na desturi nalo. Alinisikiliza akizungusha kalamu.

“Mzee, mama yangu pia ni mvunaji. Ni kwenye shamba letu wenyewe, lakini anavuna. Usidhani sioni.”

“Basi tuitoe.”

“Ukiitoa watatafuta kwingine.”

“Kwingine wapi? Hakukuwa na kwingine. Ndiyo sababu walikuja kwetu.”

Aliacha kuzungusha kalamu. “Mimi siwezi kukuambia utoe,” akasema. “Mimi ni injinia wa kampuni. Lakini sitakuuliza kama umetoa.”

Nilitoa mchana huohuo. Nilikaa karakana, mvua ya mawe inapiga mabati mpaka husikii sauti yako, nikaondoa folda ya mashine za shamba na kila kilichokuwa ndani: video ya Phiri, kipimo cha karatasi, kitabu cha Rono, picha zangu za raba. Nilijisikia kama mtu anayeng’oa miche aliyoipanda mwenyewe. Lakini nilijisikia vizuri pia, sitawaficha. Nilipofika nyumbani nikamwambia Kerubo, “Nimetoa.” Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akanipakulia ugali akaketi nami.

Hatujanawa mikono simu ikalia. Ni Rono wa Bomet, ameandika kwenye grupu:

“Wazee na ndugu, folda ya mashine za shamba imepotea, nadhani ni hitilafu ya mtandao. Msiwe na wasiwasi, mimi nilikuwa na kopi yote. Nimeirudisha na nimeongeza video mpya ya klachi. Asante sana Mzee Nyakundi kwa kutufundisha kuweka kopi.”

Chini yake vidole gumba, kimoja baada ya kingine. Wa Nandi akasema naye ana kopi. Wa Uganda akasema ana kopi. Phiri akaandika kwamba kule kwao wameichapa kwenye karatasi na kuibandika ukutani.

Ningeweza kuitoa tena. Ningeweza kumtoa Rono. Alikuwa kijana mwema, hakuna alilokosa, amefanya hasa nililomwambia afanye. Nikampa Kerubo simu asome mwenyewe. Alisoma pole pole hadi mwisho.

“Kwa hivyo hata wewe huwezi,” akasema.

“Hata mimi siwezi.”

“Sawa. Kula, ugali unapoa.”

Chelangat alipohama nilikwenda kumsaidia kubeba vitu. Gari la kukodi lilikuwa dogo, nami nikaanza kuangalia kitanda kikae upande gani na sufuria ziingie wapi ili zisigongane.

“Wewe beba tu, Baba Moraa,” akaniambia. “Usipange.”

Alienda kuishi kwa ndugu yake. Kila nikimwona sokoni Kericho anauza mboga, ananiuzia vizuri, anafunga kwa gazeti, anasema asante kama anavyomwambia mteja yeyote. Hajaniita Baba Moraa tena.

Wakati wangu wa kustaafu ukafika. Cherotich aliandaa chai na keki, meneja akasimama kusema. Alisema mzee huyu ni mfano, wengine wakistaafu wanaondoka na elimu yao, lakini Nyakundi ametuachia kila kitu mtandaoni, hatutamkosa. Watu walipiga makofi. Alikuwa anasifu, sina shaka. Nilikula keki.

Na kweli hawakunikosa. Mahali pangu hakuajiriwa mtu. Kazi ya mashine za shamba ilipewa gereji ya mkataba kutoka mjini Kericho. Siku nakabidhi vifaa walikuja vijana wao, simu mkononi, wakafungua mashine wakifuata maelezo mstari kwa mstari. Mmoja alisoma, akakata raba, akaiweka, ikakaa sawa mara ya kwanza. Mimi ilinichukua tairi nzima kujua ikatwe vipi.

“Mzee,” akaniuliza, “huyu aliyeandika hii ‘Inatetemesha mikono’ alikuwa nani? Anajua kazi.”

“Fundi fulani wa zamani,” nikamwambia.

Sasa tunakaa Kapsoit, kwenye kiploti tulichonunua zamani tukidhani ni cha kumwachia Moraa. Kerubo analima sukumawiki na kufuga kuku. Jumamosi mchana bado nafungua linki, zilizokufa nazitoa. Cherotich hajaniondoa kwenye usimamizi, na mimi sijaomba niondolewe. Mkono umezoea.

Kwenu vijana mliomo humu, sitawaambia msishirikiane. Nilimwaga tani za majani kwa sababu ya sanduku lililofungwa, na nilimwona mama aliyebaki na shingo yake kwa sababu ya mchoro wa mtu asiyemjua. Lakini nimeongeza swali moja kwenye masharti, na hili niliongeza bila kumuuliza mtu. Baada ya mashine gani, na inaumwa nini, na ulifanya nini, kuna pa kujaza: kazi hii ilikuwa ikifanywa na nani? Nilitaka mtu aandike jina. Si lazima jina la ukoo. Aandike Chelangat, aandike Kerubo, aandike mama yake. Wengi wenu mnaweka kistari mnapita. Nawaona.

Juzi nyapara Koech alimpigia Kerubo simu. Kuna kipande cha shamba karibu na barabara ambacho hakijaguswa na mashine, kampuni inakitunza. Wanataka pakiti mpya ya chai, ya kupeleka nje, yenye picha ya mama anayevuna kwa mkono. Wangemlipa siku hiyo moja. Nilimwambia akatae. Aliosha leso, akatafuta kikapu, akaondoka asubuhi na baridi.

Alirudi mchana, akakaa mlangoni akivua viatu vya mvua.

“Walitaka ufanye nini?” nikamuuliza.

“Mpiga picha ametoka Nairobi. Akasema nivune pole pole, nisiinamishe kichwa. Halafu nitabasamu.”

“Ukatabasamu?”

Alikung’uta viatu, akaviweka kando ya ukuta.

“Baba Moraa,” akasema, “kazi ni kazi.”